Maganda ya kamba ya Nyamisati na dawa isiyopatana na maji

Saa tatu asubuhi maji yameshakupwa Nyamisati, na chini ya banda la makuti la mnunuzi wa kamba aitwaye Fikirini, wanawake tisa wameketi kwenye vigoda wakimenya. Zaitun Mketo ni wa pili kutoka mlangoni. Kichwa cha kamba anaking'oa kwa dole gumba, ganda analivua kwa mkupuo mmoja kuanzia miguuni, mkia anauminya, nyama inaangukia kwenye beseni. Hatazami mikono yake. Anamsimulia jirani yake habari za harusi ya juzi, na mikono inaendelea yenyewe.

Ghafla harusi inakatika.

"Mwanasiti! Chini si mahali pake hapo!"

Mwanasiti, anayemenya mwishoni mwa safu, ameweka beseni la maganda juu ya mchanga. Analinyanyua upesi na kulitua juu ya meza ya mianzi. Wenzake wanaangua kicheko.

"Huyu na maganda yake," anasema mmoja. "Utadhani anaogesha mtoto."

Zaitun naye anacheka, lakini haondoi jicho mpaka beseni limetulia.

Kwingi katika delta ya Rufiji maganda ya kamba ni taka. Hurudishwa majini au huachwa pembeni, na inzi hujua la kufanya. Hapa yanaoshwa maji matatu, yanaanikwa, yanafungwa kwenye mifuko na kupelekwa kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Huko hutolewa unga mweupe uitwao kaitosani. Mtafiti anautumia kuvisha chembe za chuma, ndogo mno, zinazovutwa na sumaku, ili zibebe dawa zisizoyeyuka kwenye maji.

Zaitun ana miaka arobaini na tisa. Aliishia darasa la saba huko Ruaruke alikozaliwa, akaolewa Nyamisati, na amemenya kamba kwa miaka ishirini na miwili. Neno kaitosani sasa linamtoka bila kujikwaa.

"Mwanzo nilikuwa nasema kaito-Hassani," anasema. "Wenzangu wakawa wananiuliza, huyo Hassani wako hajambo?"

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke huyu anayachunga maganda namna hii, mwenyewe atakwambia uanze na Hadija.

Hadija ni mdogo wake, wanafuatana. Mwaka 2019 alikuwa akilima mpunga na ufuta Ruaruke alipoona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikaa nao miezi minne bila kumwambia mtu. Alipomwambia dada yake, Zaitun aliacha kisu na beseni palepale, wakaenda hospitalini Kibiti, na kutoka Kibiti wakaandikiwa kwenda Dar es Salaam. Ilikuwa saratani.

Wakakaa jijini miezi saba kwa binamu yao. Zaitun ndiye aliyekuwa muuguzaji. Anaikumbuka siku ya dripu ya kwanza ya dawa mpya kama anavyokumbuka siku aliyomzaa Sadala, kifungua mimba wake.

"Haijapita robo saa, uso wa mdogo wangu ukawa mwekundu. Akaniambia, dada, kifua kinabana. Akawa anajikuna shingo. Mie nikapiga ukelele, wauguzi wakaja mbio, wakafunga dripu, wakamchoma sindano. Nikajua basi, nimeshampoteza."

Hadija alitulia. Baada ya saa kadhaa dripu ilifunguliwa tena, polepole mno. Muuguzi mmoja alimchukua Zaitun kando na kumweleza. Jambo kama lile hutokea, na ndiyo maana wagonjwa huangaliwa kwa makini. Dawa yenyewe ni nzuri. Tatizo ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo huyeyushwa kwanza kwenye mafuta maalumu, na mara nyingine mafuta hayo ndiyo mwili unaoyakataa.

"Nilimuuliza, kwa hiyo mdogo wangu hateswi na dawa, anateswa na kinachoibeba? Akasema, mama, umeelewa vizuri kabisa. Nikamwambia, sasa mbona hakuna mtu anayetafuta kitu kingine cha kuibebea? Akacheka. Akasema wapo, wanatafuta."

Hadija alimaliza dripu zote. Alirudi na kipara, kilo kumi na moja zimepungua, akahamia kwa dada yake Nyamisati kwa sababu jembe lilikuwa halishikiki tena. Leo ni miaka zaidi ya mitano na vipimo havijaonyesha kitu. Nywele zimerudi, zingine nyeupe. Anapika chapati na kuwauzia abiria wa boti za kwenda kisiwani Mafia, na ana mdomo ambao dada yake anasema ugonjwa haukuugusa.

Ilikuwa mwaka 2022, msimu wa kamba umeshafunguliwa, mwanamke kijana alipoingia bandani kwa Fikirini akiwa na ndoo tupu. Aliwaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo hadi kwa wa mwisho, kisha akaomba maganda.

Wamenyaji walitazamana. Fikirini alimuuliza kama anafuga kuku.

"Nilisema hapana, nasoma," anakumbuka Warda Swalehe, ambaye sasa ana miaka thelathini na moja. "Wakacheka zaidi."

Warda ni mzaliwa wa Ikwiriri, na alikuwa akianza shahada ya uzamivu katika kemia ya dawa. Kaitosani ya dukani ilikuwa ikiagizwa nje na ilichukua wiki nyingi kufika. Akakumbuka harufu ya maganda aliyoisikia utotoni kila alipopelekwa pwani kwa shangazi yake. Aliwaeleza wanawake wale kwa maneno ya nyumbani kwamba anatafuta njia ya kubeba dawa ambazo hazipatani na maji.

Zaitun aliacha kumenya.

"Hebu rudia hapo," alimwambia. "Dawa zipi?"

Warda akarudia. Zaitun akamuuliza kama ni zile zinazowekwa kwenye mafuta. Warda akashangaa mmenya kamba amejulia wapi. Wakakaa mpaka adhuhuri, ndoo ikiwa bado tupu, Zaitun akisimulia kifua cha Hadija kilivyobana na Warda akichora kwa kijiti kwenye mchanga.

Alichochora ni hiki. Chembe ya chuma ndogo kiasi kwamba elfu moja zingeweza kupangwa kukatiza upana wa unywele mmoja. Juu yake, vazi la kaitosani. Ndani ya vazi, dawa imejibanza. Chembe zikiwa mwilini, sumaku inawekwa nje, karibu na penye ugonjwa, nazo zinakusanyika hapo. Uvimbe wa saratani huwa na uchachu kidogo. Vazi likikutana na uchachu huo linavimba taratibu, na dawa inatoka kidogo kidogo, isimwagike yote kwa mara moja.

"Mie nilielewa hivi," anasema Zaitun. "Dawa ni mtu asiyejua kuogelea. Sasa anatafutiwa wa kumvusha."

Siku hiyo Warda aliondoka na ndoo mbili, ya pili ameazimwa.

Haikuwa kazi ya kunyooka. Mzigo wa kwanza ulifika jijini umeoza, ukatupwa, na abiria wa basi zima walimjua mwenye mzigo. Wa pili ulikuwa na chumvi nyingi. Warda akamfundisha Zaitun kuosha kwa maji ya kisima na kuanika juu ya kichanja, ili upepo upite chini na juu. Maganda yakaanza kufika makavu, mepesi, yakikatika kwa vidole. Zaitun akaanza kulipwa shilingi elfu mbili na mia tano kwa kilo ya makavu. Si utajiri, anasema, lakini imeezeka jiko la Hadija.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 simu za Warda zikapungua. Mwezi wa sita alikuja mwenyewe, amekonda, hata chai hakumaliza.

"Mama Sadala, naona nitashindwa," alisema. "Kila nikitengeneza, napata jibu jingine. Leo dawa inatoka taratibu kwa siku mbili, vizuri kabisa. Kesho, vipimo vilevile, inamwagika yote kwa saa moja."

"Kinakataa wapi?"

"Chuma kinazidi. Naweka kiasi ninachokijua, nikipima mwisho nakuta kingi kuliko nilichoweka. Sijui kinatoka wapi. Nimebadilisha maji, nimebadilisha tindikali, chupa nimeosha mpaka mikono imechubuka."

Msimamizi wake alikuwa amempa hadi mwisho wa Agosti. Baada ya hapo Warda ataagiza kaitosani ya dukani, na sura yote ya maganda ya Rufiji itaondolewa kwenye kitabu chake cha shahada.

Zaitun alimsindikiza kituoni, akarudi nyumbani. Neno lile halikumtoka: chuma kinazidi.

Kwanza alilishuku pipa. Walikuwa wakioshea maganda kwenye pipa la bati lililoanza kutu. Akalitoa, akanunua ndoo za plastiki. Kisha akamwendea Fikirini kumwomba spika ya redio yake iliyokufa tangu mwaka juzi.

"Nikamwambia nataka sumaku yake. Akasema, dada Zaitun, masomo yamekupanda kichwani. Lakini alinipa."

Aliipitisha sumaku kwenye maganda yaliyooshwa kwenye ndoo mpya, kabla hayajaanikwa. Haikushika kitu. Akafurahi, akadhani pipa ndilo lililokuwa adui. Ili ahakikishe, akafungua gunia lililokuwa tayari kusafirishwa, la maganda makavu, akaingiza mkono mpaka chini kabisa penye vumbi. Aliposhusha sumaku na kuitoa, ilikuwa imeota ndevu nyeusi.

Hakuelewa. Alilala nalo jambo hilo, na asubuhi mvua ya ghafla ikanyesha na kukatika. Alitoka uani na ufagio. Maji yalipokuwa yamepita, mchanga ulikuwa na michirizi myeusi inayong'aa, ile ambayo kila mtu wa pwani ameiona tangu utotoni bila kuiuliza jina. Zaitun aliinama, akaigusa kwa sumaku. Ndevu zilezile.

"Nikakaa chini palepale na matope yake."

Alikaa kwa sababu alijua. Warda alikuwa amemwambia tangu mwaka wa kwanza kwamba maganda yaanikwe juu ya kichanja. Na mwaka wa kwanza aliyaanika juu. Lakini kichanja kilikuwa kidogo, kazi ikaongezeka, na tangu mwishoni mwa 2023 alikuwa akiyamwaga mengine kwenye mkeka uani, ambako yalikauka haraka. Mkeka ulikuwa umechanika. Upepo nao ulikuwa ukipeperusha mchanga. Punje nyeusi za chuma zilijipenyeza kwenye mikunjo ya maganda, zikasagwa nayo, zikaingia maabara. Na kwa kuwa magunia mengine yalitoka kichanjani na mengine mkekani, majibu ya Warda yalikuwa yakienda na kurudi.

Alimweleza Hadija wakiwa jikoni, Hadija akikanda unga.

"Mpigie," alisema Hadija.

"Nikimpigia ataniacha. Zaidi ya miezi sita namharibia kazi, halafu nilishaambiwa."

"Dada." Hadija aliacha kukanda. "Si wewe uliyekuwa ukilia pale wodini, ukiuliza mbona hakuna mtu anayetafuta? Sasa mtu anatafuta, wewe unamfichia mchanga?"

Zaitun anasema katika maisha yake hajawahi kukemewa na mdogo wake namna ile. Alitoka nje, akapiga.

Alisema yote kwa pumzi moja: mkeka, tundu la mkeka, uvivu wake, sumaku ya redio. Akadhani simu imekatika.

"Halo? Warda, mwanangu, upo?"

"Nipo, mama Sadala."

"Nilaumu mie. Usijilaumu wewe."

Kisha akasikia kitu ambacho mpaka leo hana hakika kama kilikuwa kicheko au kilio. Warda mwenyewe anasema kilikuwa vyote viwili.

"Nilikuwa nimeshaanza kuamini mikono yangu haifai kwa kazi hii," anasema Warda. "Nilimwambia, hilo gunia usilitupe. Niletee lote, na mchanga wake."

Gunia lile lilikuwa ushahidi. Warda alipima, akakuta punje nyeusi zilezile, akaandika kurasa sita kuzihusu. Nyamisati, wakati huohuo, Zaitun alikuwa akikata mianzi. Kwa siku nne yeye, Hadija na wanawake wawili wa bandani walijenga vichanja vitano virefu, wakavitandika nyavu kuukuu zilizooshwa, na juu yake wakafunga chandarua dhidi ya vumbi. Kila mfuko ukapitishwa sumaku kabla ya kufungwa. Sumaku ikitoka na hata unywele mweusi, mfuko unarudi kuoshwa.

Wiki ya tatu ya Agosti simu iliita akiwa bandani, mikono ina maganda. Hadija, aliyekuja kuleta chapati, aliipokea na kumwekea sikioni.

Warda alikuwa ametengeneza mara tatu mfululizo. Mara zote tatu chuma kilikuwa kile alichoweka, wala hakikuzidi, na dawa ilitoka taratibu kwa karibu saa arobaini na nane. Msimamizi alikuwa amesaini. Sura ya Rufiji inabaki.

"Nilipiga kigelegele," anasema Zaitun. "Wenzangu nao wakapiga, hata hawajui kwa nini. Fikirini akaja mbio akadhani kuna mtu kajifungua."

Baadaye mwaka huo Warda alimwalika maabara. Zaitun alivaa gauni lake la Idi, akafika, akavalishwa koti jeupe lililomfika magotini. Warda alimpa kichupa cha kimiminika cheusi kama wino. Akaweka sumaku ndogo ubavuni mwa kioo. Weusi ule ukaanza kusogea, polepole, ukajikusanya wote upande mmoja, na maji yaliyobaki yakawa meupe, unaona mpaka ng'ambo.

"Nilisema bismillahi nikakishika mwenyewe. Nikasogeza sumaku huku, weusi ukaja huku. Nikaizungusha, ukafuata. Nikamwambia Warda, humu ndani kuna maganda yetu? Akasema, mama, hayo ndiyo vazi lenyewe."

Warda hapendi watu waelewe zaidi ya ilivyo. Anasisitiza kwamba mpaka sasa kazi yao imefanyika ndani ya chupa tu. Haijajaribiwa kwa mnyama, seuze binadamu. Mbele yake kuna vipimo vya usalama, vibali, na watafiti wengine wengi duniani wanaohangaika na swali hilohilo. Kama mambo yatakwenda vizuri, ni safari ya miaka, na inawezekana isifike.

Zaitun ameambiwa hayo mara nyingi na hayajamkatisha tamaa. Ana mipango yake. Baada ya mavuno ya mpunga, wanawake kumi na wawili wa Nyamisati na Ruaruke wataandikisha kikundi, naye amechaguliwa mwenyekiti kabla hata fomu hazijajazwa. Wanataka kujenga banda la kuanikia lenye paa la bati linalopitisha mwanga, ili masika yasiwasimamishe kazi, na kulijenga mbali kidogo na nyumba, maana majirani wamechoka na harufu. Maabara ya pili, ya watu wa mifugo, imeshaulizia maganda. Mwanasiti atafundishwa kupima kwa sumaku, akishaacha kuweka beseni chini.

Lakini kuna jambo moja ambalo Zaitun amemwomba Warda, na amemwomba mbele ya Hadija ili awepo shahidi. Siku mtu wa kwanza atakapowekewa dawa ile, hata ikiwa ni miaka kumi na mitano ijayo, hata ikiwa ni nchi nyingine, apigiwe simu.

"Simjui mtu huyo, na yeye hatanijua," anasema. "Wa kwangu ameshapita pale, alhamdulillahi. Ila nataka niulize neno moja tu: kifua kilibana, au hakikubana?"

"Na ukiwa umeshakufa wewe?" anauliza Hadija, huku akihesabu chapati za abiria.

"Utapokea wewe."

"Mimi?" Hadija anasonya, lakini anatabasamu. "Haya. Basi nami itabidi niwepo."